Mlolongo mpaka Westi kwa shilingi 500

Kwa miaka tisa alamu ya simu yangu ililia saa kumi na dakika arobaini alfajiri, na si ati nilikua nakamua ng'ombe ama napeleka mboga Marikiti, mimi ni mtu wa ofisi tu, naishi Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi, na kazi yangu iko Westi, yaani Westlands, ng'ambo ya pili ya mji. Ukitoka kwa nyumba saa kumi na moja na robo unafika kazini kabla ya saa moja, unakaa hapo ukisinzia juu ya dawati mpaka wenzako waje. Ukichelewa kidogo tu, ukatoka kumi na moja na nusu, basi umeshikwa, utafika saa mbili na kitu. Sijawahi kuelewa hiyo hesabu ya dakika kumi na tano kuzaa saa nzima lakini mtu yeyote wa Mombasa Road ataniambia ndio, ni hivyo hivyo.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila barabara ya juu, ile Nairobi Expressway ya kulipia, ikitajwa mtandaoni watu hugawanyika mara mbili, kuna wa kuisifu na kuna wa kuilaani, na mimi naona wote wanaongea kama watu hawajawahi kuishi nayo. Mimi naishi nayo. Niliila vumbi yake, nikailipia, naipenda, na kuna mambo inaniuma, na yote hayo yako ndani ya mtu mmoja.

Kwanza Mlolongo yenyewe. Wazee wa huku wanasema jina lilitokana na malori yaliyokua yakipanga mstari kungoja mizani, mstari mrefu mpaka mji ukazaliwa kando yake, hoteli, lojing'i, gereji, wauza nyama choma. Kwa hiyo mji wenyewe ni wa foleni tangu mwanzo (na wale mnaokumbuka uchaguzi wa 1988, watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, mnajua neno hilo lilibeba nini nchi hii). Nilipohamia 2013 kodi ilikua shilingi 12,000 nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule, maji ya kununua, lakini hewa nzuri na usiku unasikia fisi upande wa mbuga. Nilijiambia kazini ni kilomita 27 tu, kwani kilomita 27 ni nini?

Hao wanaojua wananicheka sai.

Miaka mitano ya kwanza nilikua wa matatu. Mlolongo, Syokimau, Cabanas, Imara, GM, Bellevue, Nyayo, halafu tao, yaani katikati ya mji, halafu mat ingine ya Westi. Hizo steji nilizijua kama tasbihi. Pale Bellevue gari ilikua inasimama kabisa, dereva anazima injini, makanga anashuka anaongea na makanga mwenzake, na hapo ndipo wauzaji walikua wanaishi. Njugu, maji, ndizi, chaja za simu, ramani ya Kenya, vifuniko vya usukani, siku zingine mtu amebeba watoto wa mbwa wawili kwa mikono anakuonyesha dirishani. Kulikua na mzee mmoja wa njugu, koti la kijivu kila siku hata jua likiwaka, aliyekua ananiuzia pakiti ya 20 jioni na tukazoeana mpaka siku sina pesa ananipea ananiambia utalipa kesho madam. Nilikua nalipa kesho. Hakuna siku jam ilikosa, kwa hivyo hakuna siku tulikosana.

Treni ilikuwepo pia, nisiwe nadanganya. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012 na Rais Kibaki na ni kitu kizuri sana, lakini treni inakufikisha tao na kutoka tao mpaka Westi bado unatafuta mat, na jioni ukikosa ile ya mwisho umekosa. Niliitumia kama mwaka hivi. Halafu nikazaa, na ukishakua na mtoto mdogo wa kuachia dada wa nyumba huwezi kupanga maisha kwa treni mbili za jioni. 2018 nikachukua mkopo wa chama cha akiba nikanunua gari ndogo ya mitumba ya Japani nikidhani gari itanipa muda. Haikunipa. Ilinipa kiti tu, na redio.

Sasa njoo 2019. Oktoba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akazindua ujenzi, kampuni ya China Road and Bridge Corporation ndiyo itajenga kwa pesa yake, halafu kampuni yao tanzu, Moja Expressway, itaendesha na kukusanya ada kwa miaka 27 ndipo barabara irudi kwa serikali. Kilomita 27.1, kutoka hapa kwetu Mlolongo mpaka pale James Gichuru, sehemu kubwa ikipita chini katikati ya barabara ya zamani na kama kilomita 9 hivi za upande wa mji zikiinuliwa kwa nguzo. Nilisoma hizo habari nikiwa kwa jam. Sikuamini.

Ujenzi wenyewe nisiuongelee sana kwa sababu kila mtu wa huku ana kidonda chake. Miaka ya corona, barakoa kwa sababu ya ugonjwa na barakoa kwa sababu ya vumbi. Katikati ya barabara wameweka mabati, njia zimebaki mbili, malori ya Mombasa na sisi na mikokoteni wote hapo hapo. Kitu kiliniuma zaidi ni miti. Uhuru Highway ilikua na miti mikubwa katikati, ukitoka Nyayo ukielekea tao unapita chini ya kivuli, na wale korongo wakubwa wamesimama juu kama wazee wa baraza. Siku moja unapita miti iko, wiki ijayo visiki. Nilikua na mtoto nyuma akaniuliza ndege wataenda wapi na sikua na jibu la kumpa, nikaongeza redio.

Ule mugumo wa Waiyaki Way ndio ulipona. Mti wa zaidi ya miaka 100, mrefu kama ghorofa nne, ulikua umepangiwa kung'olewa, watu wakapiga kelele kweli kweli, na Novemba 2020 ikatoka amri ya Rais kwamba usiguswe. Kwa Wakikuyu mugumo si mti wa kukatwa hovyo, na hata mimi ambaye si Mkikuyu nilifurahi mpaka nikapiga simu nyumbani kumwambia mamangu. Bado upo. Nikikaribia Westi asubuhi huutafuta kwa macho kabla sijatafuta kitu kingine. Na Uhuru Park nayo ilikua iguswe kwenye michoro ya mwanzo, watu wakakataa, kwa sababu Nairobi hii bado tunakumbuka Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alivyosimama 1989 kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe hapo. Sijui watu wa kelele huwa wanaambiwa asante saa ngapi. Mimi nawaambia hapa.

Barabara ilifunguliwa kwa majaribio Jumamosi tarehe 14 Mei 2022. Mimi nikangoja Jumatatu kwa sababu nilitaka kuipima na siku ya kazi, si siku ya watu kutembea kupiga picha. Nikatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, saa ambayo zamani ni kama kujitoa kazini mwenyewe. Geti ya Mlolongo, unapewa kadi, kigingi kinainuka. Halafu hakuna kitu mbele yako. Aki sijui niielezeaje hiyo hisia kwa mtu ambaye hajakaa miaka tisa nyuma ya lori la simiti. Kilomita 80 kwa saa ndio mwisho unaoruhusiwa na mimi nilikua naenda 70 kwa sababu mikono ilikua inatetemeka. Upande wa kulia ndege inashuka JKIA. Ukifika karibu na Bellevue barabara inaanza kupanda, unapanda, unapanda, na pale Nyayo unaona paa la uwanja kutoka juu, halafu KICC, lile jumba refu la mikutano, halafu Uhuru Park yote kijani upande wa kushoto, na mji wote umekaa hapo mbele yako umetulia. Nimeishi Nairobi tangu chuo. Sikua nimewahi kuuona.

Nilifika Westi saa moja kasoro dakika tano. Dakika ishirini na tano pamoja na kulipa. Nikakaa kwa gari nje ya ofisi na nikalia kidogo, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu nilikua nimepiga hesabu bila kutaka: masaa matatu kwa siku, siku tano, wiki hamsini, miaka tisa.

Kitu kilichobadilika nyumbani ni kidogo ukikitazama lakini kwangu ndicho kikubwa. Nywele. Binti yangu alikua na miaka minne na nywele zake zote, tangu zianze kushikika, zilikua zinafungwa na anti, yule dada wetu wa nyumba, kwa sababu mimi asubuhi sipo na jioni mtoto amelala. Anti anajua kichwa cha mwanangu kuliko mimi, anajua upande gani unamuuma, anajua wimbo wa kumwimbia asilie. Wiki hiyo ya Mei ndio nilianza kumfunga mimi. Siku ya kwanza aliniambia "mama hujui" na nikamwambia nifundishe. Akanifundisha. Sai ana miaka kama saba nane hivi na anataka mistari ya kila aina, na tunaongea hapo, ndio wakati ananiambia nani alimpiga shuleni na nani si rafiki yake tena. Kwa hivyo mtu akiniambia hiyo barabara ni ya matajiri tu nasikia vibaya, kwa sababu mimi si tajiri na nimepewa kitu hapo ambacho siwezi kurudisha.

Lakini pia hajakosea, na hapo ndio nataka tukae kidogo.

Mwanzo safari nzima ya gari ndogo ilikua shilingi 360. Ilikua inauma lakini unaweza kujibana. Kumbe mkataba ulikua umefungwa na dola, na mwaka 2022 barabara ikifunguliwa dola ilikua kama shilingi 116, kufika mwisho wa 2023 imevuka 155. Januari 2024 tukaamka na bei mpya, 500. Piga hesabu na mimi. Kwenda 500, kurudi 500, siku 22 za kazi, hiyo ni 22,000 kwa mwezi. Karibu mara mbili ya ile kodi niliyoanza nayo Mlolongo. Na hapo hujaweka mafuta, na kwa kila lita ya mafuta ndani yake kuna shilingi 25 za kutunza barabara, ilikua 18 wakapandisha Julai 2024, kwa hivyo hata yule anayepita chini hapiti bure, ameshalipa kwa pampu ya mafuta. Zamani nchi hii ilikua na vituo vya kulipia barabara, ndio maana mpaka leo ukienda na Thika Road kuna steji makanga wanaita Toll, vikatolewa na badala yake kodi ikawekwa kwa mafuta kwa sheria ya 1993. Sasa tunalipa kwa mafuta na tunalipa kwa geti. Na Thika Road yenyewe, ile superhighway aliyofungua Kibaki 2012, unapita bila kulipa shilingi. Mtu wa Ruiru, kule Thika Road, na mtu wa Mlolongo wote ni Wakenya, wote wanaenda tao.

Najua jibu lake, nishaambiwa mara nyingi: serikali haikua na pesa, bila ada hakuna ambaye angejenga, na njia ya chini ipo kwa asiyetaka kulipa. Mimi hiyo ya mwisho ndio nakataa. Kwa sababu ile ya juu haikujengwa hewani, imekaa katikati ya barabara iliyokua ya kila mtu, nguzo zake ziko mahali palipokua na miti na nafasi ya kupanua njia za mabasi. Aliye chini alitoa kitu. Kwa hivyo alistahili chini irekebishwe kwanza, siku hiyo hiyo, si baadaye. Kwa muda mrefu chini ilibaki na mashimo, taa zimeng'olewa, mahali pa kuvukia pamefungwa. Wamerekebisha sehemu nyingi tangu hapo, kuna lami mpya, kuna maua, nasema ukweli ni afadhali. Lakini nenda pale usiku usimame kama mtu wa miguu. Anti wetu kila Jumapili anaenda kanisani ng'ambo na kurudi jioni, na anatembea mbali kutafuta daraja la kuvukia, na wengi hawatafuti, wanaruka tu katikati ya magari wameshika watoto mkono. Mimi juu napita 80, sisikii chochote. Barabara ya juu haikubali mtu wa miguu, haikubali baiskeli, boda wala tuktuk, na nakubaliana nayo kabisa kwa mwendo ule. Basi hao wote wako chini, na ndio wengi wa Nairobi, watu wanaotembea.

Matatu zingine sai hupanda juu, na mabasi ya kwenda mbali pia, na nikiona basi limejaa linanipita pale juu nafurahi sana, watu hamsini wamelipa mara moja. Kama ningeulizwa mimi, na hakuna ameniuliza, ningesema basi la abiria lilipe kidogo sana ama lisilipe kabisa. Gari langu la viti vitano likibeba mtu mmoja limechukua nafasi gani na la watu hamsini limechukua gani? Hata mwanangu anajua hiyo hesabu.

Ni hiyo hesabu ndio ilinitoa kwa shimo la 500. Katika plot yetu kuna grupu ya WhatsApp, ya maji na takataka na nani ameegesha vibaya, na Februari 2024 nikaandika hapo tu, mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu kwenda Westi, nani anaenda upande huo. Nilidhani nitapata mtu mmoja. Walikuja wanawake watatu siku hiyo hiyo. Mmoja ni muuguzi, mmoja anafanya kazi benki pale karibu na Museum Hill, mwingine ana duka la nguo na hua anashuka nikitoka juu, anatembea kidogo. 500 gawanya kwa nne ni 125. Hiyo ni bei ya mtu wa mat. Tumeenda hivyo mpaka leo na nawajua hawa watu sasa, nimeishi nao geti moja miaka minane bila kujua majina ya watoto wao na sai najua hata dawa za presha mama mkwe wa nani anakunywa. Tulibandika kile kidude cha kulipia kwa kioo ili tusisimame kwa foleni ya wa pesa taslimu, kila Jumapili usiku wananitumia zao kwa M-Pesa, hakuna aliyewahi kunisumbua.

Ila mwisho wa mwezi, kabla mshahara uingie, kuna siku mbili tatu tunakubaliana kupita chini. Hakuna anayesema kwa sauti, mtu anaandika tu kwa grupu "kesho tutoke mapema?" na wote tunaelewa.

Jumanne iliyopita ilikua siku kama hiyo. Tukatoka kumi na moja na nusu, tumechelewa, tukajua tumeshikwa. Mvua ilikua imenyesha usiku na Cabanas maji yamesimama, malori yanapita polepole yakirusha matope. Kufika Bellevue tumekaa kama dakika arobaini bila kusonga, juu yetu unasikia magari yanapita tu, vuu, vuu. Na mbele hapo katikati ya njia nikaona koti la kijivu.

Alikua amekonda. Amebeba njugu na chaja na barakoa chache ambazo sijui nani ananunua siku hizi. Akapita gari letu, akarudi nyuma, akainama dirishani.

"Madam. Ulipotelea wapi?"

Nikamwambia, mzee, siku hizi napitia juu.

Akaangalia juu. Akasema, "Juu hatukubaliwi." Hakusema kwa ubaya, alisema vile mtu anasema leo kuna baridi. Nikamuuliza biashara iko aje, akasema wale wa magari madogo ndio walikua wananunua, wa mat hawana za kununua, sai anakuja asubuhi na jioni pia ili zifike zile za zamani. Pakiti ni 50. Kila mmoja wetu akanunua, muuguzi akanunua mbili, na wa duka la nguo akamuuliza namba yake ya simu kwa sababu anatafuta mtu wa kukaa nje ya duka Jumamosi, akampea, ikaandikwa. Halafu gari za mbele zikasonga na nyuma wakaanza kupiga honi, mzee akagonga paa la gari mara mbili na mkono, vile alikua akifanya.

Tulifika Westi saa mbili na dakika kumi. Nilipopiga simu nyumbani anti akaniambia mtoto ameenda shule, nywele amemfunga yeye, mistari minne ya kurudi nyuma, na hakulia.